Mwanaume Ile Alifuaka Manguo ya Bibi Yake

Nilikosea, na nilikosea na mikro mu mukono. Afazali muntu akosee mu jikoni yake, chumvi ikazidi, bibi akanuna, kesho bakasahau. Mi nilikosea ku kaburi, mbele ya bantu karibu mia ine, na baffle mbili za kanisa, spika kubwa-kubwa, zikapeleka makosa yangu mupaka ku soko.

Jina yangu ni Jérémie. Hapa Baraka bananiita Secré, juu niko na kibanda ya secrétariat public karibu na soko: machine moja, imprimante moja, panneau ya jua ku bati, na diplôme d'État yangu ya mwaka 1994 ndani ya cadre, ile imeshakuwa na rangi ya chai. Muntu akitaka barua ya kuomba kazi, anakuya. Akitaka kushitaki jirani yake, anakuya. Na akikufa, bandugu yake banakuya, juu kwetu muntu hazikwi kimya. Lazima basome historique yake: alizaliwa wapi, alitumika wapi, alioa nani, aliacha batoto ngapi. Wa kuandika ni mi, na wa kusoma ni mi. Nimeshazika bantu bengi kwa kinywa kupita fundi wa masanduku.

Alafu niko na ugonjwa moja. Siwezi kuvumilia bantu bananyamaza muda murefu. Mu kila historique naweka kicheko moja, kidogo tu, sawa muntu anaweka pilipili mu sombe ya majani ya mihogo. Bantu banalia, banacheka kidogo, banapumua, banarudi kulia. Miaka makumi mbili hakuna muntu alinilaumu.

Mupaka Papa Anatole.

Papa Anatole Alembe alikufa mu kitanda yake, mu mwezi wa mvua, na miaka sabini na mbili. Alitumikaka ku usine, kiwanda ya sabuni, ile ilikuwaka kando ya barabara ya kwenda Lweba. Leo imebaki kuta tu, mbuzi banalala mu bureau ya directeur. Lakini zamani king'ora yake ilikuwa inaamusha Baraka yote, na malori ya mawese inapanga mulongo mupaka ku daraja. Papa Anatole alikuwa fundi wa kukata. Sabuni ikishaganda mu kasha kubwa, anavuta waya, anakata, kila kipande inakuwa sawa na ndugu yake. Vita ikakuya, tukavuka ziwa sisi bote, tukakaa mu kambi ya Nyarugusu. Tuliporudi, usine ikafunguliwa tena miaka kidogo, naye akarudi ku waya yake mupaka retraite.

Lakini hapa hakuna muntu alimujua kwa sababu ya waya. Balimujua kwa sababu ya siku ya posho, ile Jumamosi. Kila posho asubuhi, Papa Anatole alikuwa anateremuka ku ziwa na beseni ku kichwa. Ndani ya beseni: bikwembe ya bibi yake, blouse ya bibi yake, mashuka, mablanketi. Anavua viatu, anakunja pantalon, anaingia mu maji katikati ya bamama, anafua. Mwanaume! Bibi yake, Mama Marie, anakaa ku jiwe pale karibu, anachambua maharagi, banaongea. Wakati wa blanketi, Mama Marie anasimama, mumoja anashika huku, mungine kule, banazungusha mupaka inakuwa sawa kamba.

Bavuvi, pale banaanika ndakala, zile samaki ndogo, balikuwa banamupigia miluzi.

"Papa Anatole! Bibi yako ni colonel?"

Yeye hakukasirikaka. "Miaka yote nakata sabuni ya kufulia bibi ya bantu bengine," anasema. "Wa kwangu nimuache na uchafu?"

Na mi nilikuwa nacheka pamoja na bavuvi. Tangu utoto nilikuwa nacheka. Basi siku ya mazishi, nilipofika ku mustari ya kazi, nikasema ndani ya mikro: "Ku usine Papa Anatole alikuwa chef. Lakini ku ziwa, bandugu, tuseme ukweli, alikuwa boyi ya Mama Marie."

Balicheka. Oh, balicheka! Ata chorale. Nikageuza ukurasa na roho safi.

Macho yangu ni ya haraka, njo zawadi Mungu alinipa pahali pa mali. Niliona Mama Marie hakucheka, alikuwa anaangalia mikono yake. Na niliona Papa Fabien, kaka mukubwa wa marehemu. Alicheka wa kwanza, kisha kicheko ikamukaukia ku uso, na akainama ku sikio ya muzee mungine wa jamaa. Nilisema mu moyo: Jérémie, ile si kicheko tena.

Saa tisa tulikuwa ku matanga, mu kiwanja ya marehemu, chini ya turubai ya bâche. Papa Fabien akasimama. Ni muntu murefu, koti yake haikosaki kupigwa pasi, na sauti yake inafika kabla yeye mwenyewe afike.

"Mumesikia bote," akasema. "Si mi nilisema. Ni Secré, muntu wa diplôme, ameandika na karatasi iko. Ndugu yetu alikuwa boyi. Mwana wa Alembe, boyi! Hakuzaa. Tulimutafutia bibi wa pili mara tatu, akakataa mara tatu. Nguo ya ndani ya mwanamuke aliifua mbele ya dunia. Hii munaita upendo? Upendo gani inakunja mwanaume pantalon? Hii ni dawa. Huyu mwanamuke alimulisha dawa."

Kwetu hii neno si ya kucheza. Nimeshaona mama moja anakimbia na sahani ku mukono juu ya hii neno, bugali ingali moto.

"Siku ya tatu tunafua manguo ya marehemu ku ziwa," Papa Fabien akaendelea. "Kabla nguo iguse maji, shemeji aseme jina ya dawa, jamaa yote isikie. Akisema, tutamusamehe, ataenda kwao na amani. Akikataa, ataenda tu, bila amani. Nyumba ni ya Alembe."

Akatembea mupaka ku mulango, akafunga, akatoa ufunguo, akauvalisha kamba, akauvaa ku shingo sawa medali.

"Kwao." Kwao wapi? Mama Marie anaitwa Nijimbere. Alitoka Burundi mwaka 1972 na miaka sita, ameshika kikwembe ya mama yake mu mutumbwi. Alikomalia Lweba, bazazi yake bazikwa Lweba, Kibembe anasema kunipita mi. Na mutoto hana, wa kusimama nyuma yake.

Alikuwa anakaa chini ku mukeka, vile mujane anakaa. Hakulia, hakubishana. Alisema neno moja tu: "Nimesikia."

Nilirudi nyumbani na mikro yangu ku kwapa. Bibi yangu Espérance alikuwa anatwanga sombe. Hakuinua kichwa.

"Papa Bienfait, umefurahi?" Njo ananiitaka, kwa jina ya mutoto wetu.

"Ilikuwa muzaha, Mama Bienfait."

"Muzaha yako iko inatembea mu soko na miguu yake. Imenipita ku njia, hata haikunisalimia."

"Mi sikusema dawa. Nilisema boyi."

"Ulibapa kuni, benyewe baliweka moto." Akatwanga mara mbili, tatu. "Na we, uko boyi ya nani? Miaka makumi mbili na mbili tunaishi, ulishafua kitu gani yangu? Ata leso?"

Nilifikiri. "Siku ile ulizaa Bienfait..."

"Siku ile alifua mama yangu."

"Mi nilibeba maji."

"Maji alibeba motard wa pikipiki. We ulibeba simu." Sasa aliinua kichwa. "Nikuambie kitu? Mulikuwa munamucheka juu mulikuwa munamuogopa. Mwanaume mumoja akifua, bengine bote banaonekana."

Muntu akikuambia ukweli na mutwango ku mukono, unaenda kulala mapema.

Kesho yake nilienda kuomba musamaha. Mama Marie alikuwa pale pale chini ya bâche, juu nyumba yake imefungwa na yeye iko inje yake. Alikuwa anakaa na Mama Aline, dada mudogo wa marehemu, ile njo angeongoza kufua manguo, juu kwa desturi ni kazi ya dada.

Nilipiga magoti. Pantalon ya kazi, lakini nilipiga.

"Mama Marie, nimekosa. Nitaenda kwa Papa Fabien leo. Nitasema niliongeza chumvi. Nitasema Papa Anatole hakufuaka, alikuwa anakusindikiza tu. Ile ya boyi nitaitoa mu karatasi."

Aligeuka ku mukeka yake.

"Utaitoa?"

"Nitaitoa yote."

"Bwana yangu alifua miaka makumi ine, we unataka kumufuta na stylo?"

"Ni juu ya kukusaidia, mama."

"Unisaidie na uongo! Hii uongo nikiimeza, Anatole atakuwa amekufa mara mbili." Aliniita jina yangu, si Secré. "Jérémie. Kosa yako si kusema alifua. Kosa yako ni hukuuliza alifua juu ya nini."

Akanyoosha mikono yake, akaigeuza. Mu viganja ngozi ilikuwa laini, nyeupe-nyeupe, imekunjana, haina mistari. Ile mikono niliionaka kila posho pale ku jiwe, tangu niko mutoto. Mi muntu wa macho ya haraka! Nilidhani ni sufuria ilimuunguza.

"Nilikuwa na mwaka moja ya ndoa," akasema. "Na mimba ya miezi munane. Salopette yake ya kazi ilikuwa inarudi kutoka ku usine ngumu sawa mbao, mafuta na soude. Unajua soude, ile banapikia sabuni? Inakula muntu. Lakini nilikuwa bibi mupya, mutoto wa bakimbizi, nilitaka bantu ba Baraka baone bwana yangu anaenda ku kazi musafi kupita bengine. Siku ile soude ilikuwa imebaki mu mifuko, mi sijui. Nikaingiza mikono. Ikanishika. Nikaruka nyuma, nikaanguka ku jiwe. Ile jiwe nakaliaka. Mutoto alitoka saa kumi. Hakulia."

Mama Aline aliweka mukono ku kinywa. "Kaka alituambia uliteleza na mutungi."

"Alisema vile juu ya haya. Haya ya ile salopette, Aline. Ya kufua hakuonaka haya ata siku moja." Mama Marie akarudi kwangu. "Alikuya kutoka ku kazi, amevaa salopette ingine. Aliivua pale ku mulango, akasimama na kaptula. Akasema: Marie, nguo yangu imeua mutoto wangu, hautaigusa tena. Mi nikafikiri ni huzuni tu, itapita mu mwezi moja. Haikupita. Mwanzo alikuwa anafua ya kwake. Kisha akasema, kwani niko mu maji tayari, leta na ya kwako. Basi. Njo ile dawa yote."

"Na juu ya nini hukusemaka, mama? Miaka yote bantu banamupigia miluzi..."

"Nani aliniuliza?"

Nikatafuta stylo mu mufuko.

"Sasa andika," akasema. "Kesho kutwa ku ziwa utasoma tena. Yote, na soude, na mutoto. Na ile neno boyi usiitoe. Iache pale, baitafune."

"Papa Fabien atasema bado ni dawa."

"Aseme. Mi niko na neno moja yangu. Ile nitaisema na kinywa yangu, haiendi mu karatasi yako."

Siku ile mvua ilinyesha, panneau yangu haikupata jua, machine ikakataa. Niliandika na mukono. Nilipasua karatasi mbili juu muzaha iliingia yenyewe, sawa kuku mu nyumba. Ya tatu ikakuwa safi.

Siku ya tatu, asubuhi, ziwa ilikuwa tulivu. Bantu balikuwa bengi kupita siku ya kaburi, juu ku kaburi bantu banakuya juu ya marehemu, pale balikuya juu ya dawa. Bamama balikuwa karibu na maji. Banaume balisimama nyuma ku mchanga mukavu, mulongo moja, na viatu yao. Bavuvi baliacha ndakala yao. Mu beseni moja ilikuwa mashati ya Papa Anatole na salopette ya mwisho ya usine ile alihifazi, mu ingine mablanketi mbili, moja ya bluu, moja na picha ya simba.

Papa Fabien alikuwa amevaa koti. Ufunguo ulikuwa juu ya kravati, inje kabisa, bantu bauone.

"Tusipoteze wakati," akasema. "Shemeji. Jina ya dawa."

Mama Marie alikuwa anakaa ku jiwe yake. "Secré atasoma."

"Tulishamusikia Secré."

"Mulisikia nusu."

Nikatoka mbele. Hakukuwa mikro. Nilisoma na sauti Mungu alinipa. Nilisoma alizaliwa wapi, nikasoma usine, waya, Nyarugusu. Nikasoma siku ya posho. Nikasoma: "Bantu balimuita boyi, na ile aliandika vile ni mi." Kisha nikasoma alifua juu ya nini. Soude mu mifuko. Jiwe. Mutoto ile hakulia. Salopette imevuliwa ku mulango.

Bamama batatu balikuwa banaangalia ile jiwe Mama Marie alikuwa anakalia, sawa banaiona mara ya kwanza.

Ku mwisho niliongeza ya kwangu, haikuwa mu karatasi. "Na mi ile nilimuita boyi, sijafua ata leso ya bibi yangu. Iko pale, mumuulize."

"Ata soksi yake mwenyewe!" Espérance akajibu kutoka katikati ya bamama.

Balicheka, lakini ilikuwa kicheko ingine, ilikuwa inaniangukia mi peke yangu. Nilisimama nikaipokea.

Papa Fabien alingoja iishe. Ni muntu anajua kungoja.

"Ni habari ya huzuni," akasema. "Hatukuijua, tunasikitika. Lakini mwanaume anahuzunika mwaka moja. Anahuzunika mbili. Miaka makumi ine? Na anakataa bibi wa pili, na hana mutoto? Hapana. Makumi ine ni dawa. Shemeji, jina."

Kwa desturi mujane hasimamaki mbele ya bashemeji. Mama Marie akasimama. Alisimama polepole, akapanguza kikwembe yake, akatembea mupaka akawa mbele yake, karibu ya kumugusa ufunguo.

"Shemeji Fabien. Mwaka ile cholera ilikamata Baraka, ulilala wapi?"

Papa Fabien akanyoosha kravati yake.

"Nisaidie kukumbuka. Ulilala mu hema ya bagonjwa. Siku tano. Bibi yako alikimbilia Lulimba kwa bandugu yake, sina neno naye, aliogopa. Batoto yako balisimama mbali, banakuita na mikono. Nani aliingia?"

"Shemeji, ile si..."

"Nani alifua mashuka yako? Mashuka ya cholera, mbele ya bantu bote sitataja ilikuwa na nini. Mara tano, mara sita kwa siku. Jioni Anatole ananirudilia mikono imepasuka, namupaka mawese. Akaniambia: Marie, usimuambie muntu, kaka ataona haya. Sikumuambia muntu. Posho kwa posho ulikuwa unapita hapa, unamucheka pamoja na bavuvi, na mi nilikuwa ku hii jiwe na maharagi yangu, sikumuambia muntu." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa afazali. "Sasa kama muntu akifuliwa na Anatole ni juu alimulisha dawa, basi shemeji, anza we. Ulimutilia mu nini? Mu chai?"

Mumoja kati ya bavuvi alianza kucheka, kisha akaona nyuso za bengine, akakamata kicheko na mukono.

"Kaka Fabien," Mama Aline akasema, na beseni ku kiuno, "jibu basi."

Papa Fabien alikuwa anaangalia maji. Kidole yake ilikuwa inazungusha ufunguo.

"Dawa sina," Mama Marie akasema. "Na sisemi vile kwa kuomba. Nasema juu ni kweli. Nyumba yangu ni ile pale, dirisha ya bluu, tuliijenga bawili, udongo nilikanyaga na hii miguu. Sitoki. Siku nitatoka, nitatoka nimelala, na mutatafuta mwenye kufua manguo yangu, juu mwenye kuifua ameshaenda."

Ndege moja ya ziwa ilikuya ikaiba ndakala, hakuna muntu aliifukuza.

Kisha Papa Fabien akatoa kamba ku shingo. Hakuweka ufunguo mu mukono ya Mama Marie. Aliuweka ku jiwe, karibu na sabuni, akarudi ku mulongo ya banaume, akasimama pahali pake. Musamaha hakuomba. Mi nilingoja, juu ni mi ningeiandika. Hakuomba.

Mama Marie akachukua ufunguo, akaufunga mu pembe ya kikwembe, fundo mbili. Kisha akafanya kitu ingine desturi haikumuruhusu: akachukua beseni ya mablanketi, akaingia mu maji.

Mama Aline alitazama kaka yake, akatazama maji. Akachukua mashati, akamufuata. Bamama bengine nyuma yao. Mu dakika kidogo ilikuwa povu na makelele, mumoja anaimba, mungine anagombana juu ya sabuni, sawa posho yoyote.

Ile ya bluu Mama Marie aliipiga, akaisuuza, akaiinua. Blanketi ikinywa maji inakuwa nzito kupita muntu. Alishika upande moja. Upande ingine ulibaki unaelea. Hakuita muntu. Alisimama tu ameshika upande yake, anangojea, vile mukono imezoea, na nilimuona anakumbuka.

Niliangalia viatu yangu. Ni viatu ya ngozi, navaa ku mazishi tu. Niliangalia Espérance. Yeye hakuniangalia, alikuwa anaangalia viatu.

Nikavua.

Miluzi ikaanza kabla nifike ku maji.

"Secré! Secré amekuwa boyi!"

"Njo mi!" nikajibu. "Mukiandika historique yangu, mutie ile neno na B kubwa!"

Maji ilikuwa baridi. Jiwe ya chini inateleza, nilikaribia kuanguka na diplôme yangu yote. Nikakamata upande ile ulikuwa unaelea.

"Zungusha," Mama Marie akasema.

Nikazungusha.

"Si vile. Ku kuume. Anatole alikuwa anazungusha ku kuume."

"Ku kuume ya nani, mama? Yangu ao yako?"

Akacheka. Kidogo, na pua tu, lakini nilisikia. Siku tatu nilikuwa naitafuta ile kicheko mu karatasi. Tukazungusha, yeye huku, mi kule, blanketi ikakazana sawa kamba, maji ikanimwagikia ku pantalon mupaka ku kiuno. Mikono iliniuma. Makumi ine ya miaka, kila posho. Boyi? Ile ni kazi ya kukata muntu mugongo!

Tukaiweka ku jiwe. Kisha Mama Aline akaita. Alikuwa ameinua ile ya simba, na yeye ni muzee, inamushinda peke yake, na bamama bote balikuwa na nguo mu mikono.

Nikageuka ku mchanga. Banaume balikuwa pale, makumi tatu ao zaidi, mulongo yao imenyooka, viatu imekauka. Nikachukua ile sauti ya ku kaburi.

"Bandugu! Mablanketi iko mbili. Muntu mumoja akuye ashike huku."

Mumoja akaangalia saa. Mungine akainama kufunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa imefungwa. Simba ya Mama Aline ilikuwa inarudi mu maji polepole, kichwa kwanza.

"Papa Fabien," nikasema. "We uko karibu. Kuya ushike huku."